Jina, jinsi na usajili: kundi dogo la transijenda nchini Kenya mbele ya vyombo vya kitaifa

Makala haya yanachunguza uhusiano wa kundi moja dogo na vyombo viwili vya kitaifa. Kundi lenyewe ni Transgender Education and Advocacy, ambalo kuanzia hapa tutaliita kwa ufupisho wake, TEA. Lilianzishwa nchini Kenya mwaka 2008 ili kuwasaidia watu ambao jinsia wanayoiishi haiafikiani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Chombo cha kwanza ni muungano wa hiari unaojulikana kama GALCK, ulioundwa mwaka 2006 kuwa mwavuli wa makundi ya mashoga na wasagaji wa nchi nzima. Chombo cha pili ni cha dola, yaani Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, iliyokuwa na mamlaka ya kuandikisha mashirika au kuyakataa. Tumeuchukua mfano wa Kenya, badala ya kuutafuta karibu na Moba au Kalemie, kwa sababu iliyo ya kawaida katika kazi ya historia: huko mgogoro ulifika mahakamani, na mahakama huacha maandishi ambayo yeyote anaweza kuyasoma bila kumwingilia mtu nyumbani kwake. Hoja yetu ni kwamba uhusiano huo, tangu mwanzo wake, ulikuwa ni uhusiano wa majina: nani ana haki ya kumpa nani jina, na mtu akubaliwe kuandikwa kwa jina lipi.

Mwanaisimu hawezi kuingia katika habari hii bila kusimama kidogo penye maneno. Kiswahili hakikosi msamiati wa kale kwa watu wasioingia sawasawa katika fungu la wanaume wala la wanawake. Neno hanithi limetokana na Kiarabu, na mke-si-mume lilikwisha kuandikwa na wageni waliotembelea Unguja katika karne ya 19. Neno shoga lina historia ya kustaajabisha zaidi, kwani mwanamke humwita mwanamke mwenzake shoga kwa upendo, na katika miji ya pwani matumizi hayo hayajafa, ingawa neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Maneno haya yote yana kasoro moja kwa haja ya kundi tunalolizungumzia: ni majina ambayo watu hupewa na wengine. Hakuna mtu aendaye ofisini kuomba aandikwe hanithi. Vyombo vya habari vya siku hizi husema "watu waliobadili jinsia", msemo ulio na adabu zaidi, lakini nao unatanguliza tendo la kubadili, ilhali wahusika wengi hudai kwamba hawakubadili kitu. Kilichokosewa ni maandishi. Ndiyo maana tunalitumia neno la kukopa, transijenda, ambalo angalau halijabeba dhihaka. Aidha tunatenga jinsi, kwa maana ya alama ya mwili inayoandikwa katika hati, na jinsia, kwa maana ya namna mtu anavyoishi na kutambuliwa na jamii. Maneno yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, na watu wengi huyachanganya, hatuwalaumu.

Kuna jambo la sarufi lililo na uzito mkubwa kuliko msamiati. Kiswahili hakimtambui mwanamume wala mwanamke katika kiwakilishi wala katika kitenzi. Yeye ni yeye. Amekuja, amezaliwa, anaomba: hapana hata silabi moja inayotoa habari ya jinsi. Mtu anaweza kuisimulia maisha yake yote mbele ya karani, kwa Kiswahili fasaha cha Mombasa au kwa Kiswahili chetu cha ufukwe wa Tanganyika, na karani asijue lolote kwa njia ya lugha. Taabu huanza kalamu inaposhikwa. Karani wa Nairobi husikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, lugha inayomdai achague kiwakilishi. Karani wa Moba husikia kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa, na hapo "aliyezaliwa" hulazimika kuwa né au née, tofauti ya herufi moja isiyosikika hata ikisomwa kwa sauti. Tunathubutu kusema kwamba katika nchi zetu jinsi ya mtu mbele ya serikali ni, kwa sehemu, zao la tafsiri.

Lugha ikiisha kunyamaza, jina husema. Kwa Mkenya aliyebatizwa, jina la kwanza hutangaza jinsi kabla mwenye jina hajafumbua kinywa. Hapa kwetu mambo yalikuwa tofauti kwa muda mrefu. Majina kama Ngoy huitwa wanaume na wanawake pia, na pacha wa Kiluba huitwa Kyungu na Kabange kwa kufuata utaratibu wa kuzaliwa, wawe wa kiume au wa kike. Mobutu alipoyapiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, kwa shabaha za kisiasa zisizohusiana kabisa na suala letu, aliondoa katika hati za Wazaire ile sehemu ya jina iliyokuwa ikitoa ushahidi wa jinsi kwa uwazi zaidi. Majina ya Kikristo yalirudi baadaye, na pamoja nayo ushahidi huo. Msomaji wa Moba hana budi kulikumbuka hili anapofuata kisa cha Kenya, kwa maana huko tofauti ya Andrew na Audrey ndiyo iliyofikishwa kwa majaji.

Na tuanze na muungano. GALCK iliundwa wakati ambapo makundi madogo ya Nairobi, mengine kama Ishtar yakiwa yamekuwapo tangu miaka ya 1990 kwa kazi za afya, yaliona kwamba kila moja peke yake halina nguvu. Mwezi Januari 2007, katika Jukwaa la Kijamii la Dunia lililofanyika Nairobi, wanachama wake walijitokeza hadharani kwa namna isiyowahi kuonekana nchini humo. Kundi la transijenda lilikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo katika mwavuli huo. Faida yake ilikuwa dhahiri. Watu wachache, wengi wao wakiwa wamefukuzwa nyumbani au kazini, walipata mahali pa kukutania, wanasheria wa kuwauliza, na wafadhili ambao aghalabu hupendelea kuzungumza na chombo kimoja cha taifa kuliko kuzungumza na vikundi kumi.

Lakini mwavuli una mpini mmoja, na mpini huo ulikuwa mkononi mwa suala jingine. Adui mkuu wa muungano alikuwa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, urithi wa ukoloni wa Kiingereza, vinavyotishia kifungo cha miaka 14 kwa kile kinachoitwa tendo kinyume cha maumbile, na miaka mitano kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Vifungu hivyo vinahusu tendo, havihusu nafsi ya mtu, jina lake wala vazi lake. Mtu wa transijenda angeweza kuviona vimefutwa asubuhi, na jioni bado asiweze kuajiriwa kwa sababu cheti chake cha shule kina jina la mvulana na mbele ya mwajiri amekaa mwanamke. Haja yake ilikuwa karatasi. Katika mikutano ya muungano haja hiyo ilionekana ndogo, ya ofisini, isiyo na mvuto wa siasa kubwa. Na nje ya muungano hali haikuwa bora zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi mipango ya kupambana na UKIMWI iliwahesabu wanawake wa transijenda ndani ya fungu la wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Ili mtu apate huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye, ilimbidi kwanza akubali kuhesabiwa kwa jina alilolikimbia.

Audrey Mbugua, kiongozi wa TEA aliyejulikana zaidi na umma, alisisitiza hadharani mara nyingi kwamba suala la transijenda si suala la mapenzi ya jinsia moja. Wapo waliomwona kuwa msaliti wa umoja, na wapo waliodhani anatafuta kujisafisha machoni pa wahafidhina kwa kuwaacha wenzake matopeni. Shaka hiyo haikukosa msingi kabisa: tofauti ikisisitizwa kwa ukali huweza kusikika kama shutuma. Hata hivyo, tukilipima dai lake kwa mizani ya haja badala ya mizani ya urafiki, tunaona lilikuwa sahihi. Wanaodai kufutwa kwa kifungu cha jinai huiambia dola iondoke katika chumba chao. Mtu wa transijenda huiambia dola ije, ifungue daftari lake, na iandike upya. Madai haya mawili yanaweza kusaidiana, lakini si dai moja.

Kundi lilipotaka kusimama kwa miguu yake lilikumbana na chombo cha pili. Bodi iliyotajwa ilikuwa imeundwa kwa sheria ya mwaka 1990, ya zama za chama kimoja, na sheria hiyo iliipa dola jicho pana juu ya kila shirika lililotaka kufanya kazi nchini. TEA iliomba kuandikishwa. Maombi hayakukubaliwa, na kiini cha kukwama kwake hakikuwa madhumuni ya shirika bali majina ya viongozi waliotia sahihi: majina yao hayakulingana na jinsi iliyoonyeshwa katika hati zao. Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Sheria ya Kenya humruhusu mtu mzima kubadili jina kwa hati maalumu, na viongozi hao walikuwa wamefuata njia hiyo. Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali ulikubali kwamba mtu huyu anaitwa jina la kike, na mkono mwingine ukamwambia kwamba kwa kuwa anaitwa jina la kike hawezi kuongoza shirika. Jinsi iliyobaki katika kitambulisho ilitumika kulishtaki jina.

Shauri lilifikishwa Mahakama Kuu mwaka 2013. TEA haikwenda nyuma ya mwavuli. Ilikwenda kwa jina lake yenyewe, jambo ambalo kwa kundi linalodai haki ya kuitwa linavyojiita lilikuwa na maana kupita ya kisheria. Jaji George Odunga alitoa hukumu tarehe 23 Julai 2014. Aliona kwamba Bodi haikutenda kwa haki wala kwa busara, haikuwapa waombaji sababu za kuridhisha, na iliwabagua kwa jambo ambalo Katiba ya mwaka 2010 imekataza kulifanya sababu ya ubaguzi. Aliamuru kundi liandikishwe. Hoja zilizobeba hukumu hiyo zilitoka katika Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachodai kila uamuzi wa kiutawala uwe wa haki, pamoja na vifungu vya usawa na vya uhuru wa kujumuika. Hazikuwa hoja za mapenzi wala za maadili ya ndoa. Tungesema kwamba TEA ilishinda kwa sababu iliufanya mgogoro wake kuwa mdogo kadiri ilivyowezekana: karani alitakiwa kufanya kazi fulani, hakuifanya, na hakueleza kwa nini.

Miezi isiyozidi mitatu baadaye, tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliamua kesi ya Audrey Mbugua mwenyewe dhidi ya Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya. Mbugua alikuwa amefanya mtihani wa kumaliza shule ya sekondari mwaka 2001 kwa jina la Andrew, naye aliomba cheti chenye jina lake la sasa. Baraza lilikataa. Mahakama iliamuru atolewe cheti kipya chenye jina la Audrey Mbugua Ithibu, bila alama ya jinsi. Sehemu hii ya mwisho inastahili kuzingatiwa kuliko ilivyozingatiwa. Jaji hakuliamuru Baraza liondoe neno mwanamume na kuweka neno mwanamke. Aliona kwamba kanuni za mitihani hazikudai cheti kiwe na alama hiyo, na kwamba alama za masomo hubaki zilezile ikiondolewa. Kwa lugha yetu ya wanaisimu, aliamuru cheti kizungumze Kiswahili: kimtaje mtu na alichokipata, na kinyamaze juu ya mengine.

Je, muungano wa kitaifa ulifaidika na ushindi wa mwanachama wake wa zamani? Jibu linapatikana katika kesi nyingine iliyokuwa ikiendelea wakati uleule. Tume ya kitaifa ya haki za mashoga na wasagaji, NGLHRC, iliyoanzishwa mwaka 2012 na wanasheria vijana akiwamo Eric Gitari, nayo ilikuwa imeiomba Bodi hiyohiyo iihifadhie jina, ikakataliwa. Safari hii kikwazo kilikuwa jina la shirika: Bodi ilidai haiwezi kukubali maneno "gay" na "lesbian" katika jina, ikivitaja vifungu vya Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 24 Aprili 2015 kupitia majaji watatu: Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na yuleyule George Odunga. Walisema kwamba Katiba inaposema "kila mtu" ana haki ya kujumuika, haina maana ya kila mtu isipokuwa fulani. Jaji aliyekwisha kuipima Bodi hiyo kuhusu majina ya watu alikuwa sasa akiipima kuhusu majina ya mashirika, na haiyumkiniki kwamba mwenendo wake ulimshangaza.

Serikali ilikata rufaa. Mahakama ya Rufani iliikubali hukumu ya 2015 kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili mwezi Machi 2019, na Mahakama ya Juu ikafanya vivyo hivyo, kwa hesabu ileile ya watatu kwa wawili, tarehe 24 Februari 2023. Katikati ya tarehe hizo mbili, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa maombi ya kufuta vifungu vya 162 na 165, ambayo GALCK ilikuwa miongoni mwa waombaji wake. Kwa hiyo vita vikubwa, vile ambavyo kwa ajili yake haja za karatasi ziliambiwa zisubiri, vilishindwa katika hatua hiyo. Njia iliyopitika ilikuwa ile ya usajili, ambayo kundi dogo lilikuwa limeikanyaga kwanza. Hatusemi kwamba mmoja alimfuata mwingine kwa makusudi. Twasema kwamba mpangilio wa mambo makubwa na madogo, uliowekwa na muungano, haukuwa mpangilio wa mahakama.

Uganda inatupa kioo cha kutazamia jambo hilihili kwa upande wa pili. Mwavuli wa huko, SMUG, uliundwa mwaka 2004, na mwanzilishi wake mmojawapo, Victor Mukasa, ni mwanamume wa transijenda. Mwezi Julai 2005 kiongozi wa serikali ya mtaa aliivamia nyumba yake na kuchukua makaratasi. Kesi iliyofuata iliamuliwa mwezi Desemba 2008, na Jaji Stella Arach-Amoko akathibitisha kwamba haki ya faragha na ya utu inamhusu kila mtu. Kesi hiyo imezoeleka kusimuliwa kama ushindi wa mashoga na wasagaji wa Uganda. Ni ushindi wao, hatubishi, lakini mshtaki wa kwanza alikuwa mtu wa transijenda, na sifa hiyo hupotea katika masimulizi kama chumvi majini. Kuwa mwanzilishi wa mwavuli, kwa hiyo, hakukutosha kulinda jina. SMUG yenyewe ilikataliwa jina na ofisi ya usajili mwaka 2012, ikashindwa Mahakama Kuu mwaka 2018 na katika rufaa mwezi Machi 2024, na kabla ya hapo, Agosti 2022, ilikuwa imekwisha kuamriwa isimamishe shughuli zake.

Makundi ya mikoani yalilijua suala la jina kwa njia zao. Huko Mombasa lipo kundi liitwalo PEMA Kenya, ambalo ufupisho wake umetokana na maneno ya Kiingereza yanayotaja waliotengwa na waliodhulumiwa. Mswahili akilisikia hafikirii Kiingereza. Anafikiri mahali pema, mahali ambapo tunawaombea marehemu walazwe. Sijui kama waliolibuni walilikusudia hilo, lakini kwa mji wenye masikio makali kama Mombasa, jina lisiloshtua mtu mlangoni ni mali.

Tukirudi Kongo, sheria ina sura nyingine. Kanuni ya Adhabu yetu haina kifungu kinachofanana na kile cha 162 cha Kenya, ingawa kifungu cha kulinda maadili ya hadharani kinaweza kunyooshwa kama mpira. Katiba ya mwaka 2006, katika Kifungu cha 37, inaahidi uhuru wa kujumuika. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimpi mtu uhuru wa kujibadilia jina kwa hati tu kama ilivyo Kenya: hana budi kwenda mahakama ya amani na kuonyesha sababu ya haki, na jina alitafute katika urithi wa utamaduni wa nchi. Sharti hili la mwisho, ambalo wengi hulihesabu kuwa masalio ya siasa za Mobutu, lingeweza kumfaa mwombaji wa transijenda wa Moba kuliko linavyoonekana, maana urithi huo, kama tulivyoona, umejaa majina yasiyosema mwenyewe ni nani. Herufi M au F katika kadi ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitambulisho cha Mkongomani, haina urithi wowote wa kuisaidia.

Ama kuhusu kundi, sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inayasimamia mashirika yasiyotafuta faida. Hati inayolifanya shirika kuwa mtu mbele ya sheria hutolewa na waziri wa sheria, baada ya maoni ya waziri mwenye dhamana ya sekta ambamo shirika linakusudia kufanya kazi. Waanzilishi wa Moba wataiteremsha faili yao Kalemie, na kutoka huko itasafiri hadi Kinshasa, mahali ambapo wao wenyewe pengine hawatafika. Lakini kabla ya safari kuna mstari mmoja wa kujazwa: sekta gani? Wakiandika afya, watapokewa kama wagonjwa, au kama fungu katika takwimu za UKIMWI. Wakiandika haki za binadamu, watasomwa kama wapinzani. Ipo pia wizara ya jinsia, familia na mtoto, ambayo jina lake kwa Kiswahili lina neno lenyewe wanalolitafuta, likiwa limetangulia maneno mengine mawili. Mstari huo hujazwa kwa Kifaransa.